Dume la Bugwema na Mtandao wa Naomi

Ukitaka watu wanaojua kila kitu isipokuwa la kufanya, shuka Bweri, hapa Musoma, kwenye kijiwe chetu cha bodaboda. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali, na ukiinuka upande huu mwenzako wa upande ule anaanguka, kwa hiyo haturuhusiwi kuinuka bila kikao. Mwanaupe anamimina kahawa kwa uso wa nesi wa zamu. Siku hiyo dereva mwenzetu Eliasi alikuwa ameshika simu kama aliyeshika kifaranga mgonjwa. Binti yake, Naomi, amechaguliwa chuo cha uuguzi. Ili nafasi isichukuliwe na mwingine, lazima athibitishe kwa mtandao, na tarakimu za kuthibitishia zinatumwa kwenye simu yake yeye mwenyewe. Dirisha linafungwa leo jioni. Naomi yuko kwa bibi yake kule Bugwema, ambako mwezi uliopita ulizinduliwa mnara wa intaneti kwa ngoma, utepe na soda za moto. Tangu juzi Naomi hapatikani.

ELIASI: Na asubuhi yote napiga, yule dada wa kwenye simu ananijibu tu kwa adabu. Mimi ndiye niliyemwambia asije mjini! Nilimwambia, "Baki hukohuko mwanangu, mtandao umewafuata shambani."

CHACHA: Tulia Baba Naomi. Subira yavuta heri, na heri yenyewe haijawahi kuwa na haraka.

Huyo Chacha tunamwita Waziri, kwa sababu anaahidi kila kitu na hana ofisi. Pembeni yake ni Muzamil, tunayemwita Injinia tangu alipobeba kokoto za kujengea mnara uleule.

MUZAMIL: Kitaalamu tatizo ni dogo. Intaneti inatoka Dar. Sasa fikiria: Dodoma, Shinyanga, Mwanza, kote inagawiwa. Ikifika Bunda imeshachoka, imebaki magamba. Halafu unataka ipande tena mpaka Bugwema? Wahenga walisemaga, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mnara haujainama.

ELIASI: Mnara uiname?

MUZAMIL: Kidogo tu, kuelekea Bunda. Nilishauri. Wakanipa zege nibebe.

CHACHA: Injinia, hujui kitu. Ile foji, 4G ya mnara, ni gia ya nne. Wewe na pikipiki yako utapanda kilima cha kule na gia ya nne? Itakuzimikia. Warudishe gia ya pili, mbona hata video zitapita! Polepole, zikihema, lakini zitapita.

MWANAUPE: Nyie wanaume, dirisha la mtoto linafungwa jioni.

MUZAMIL: Ndilo tunalolishughulikia, mama. Ongeza kahawa.

Akanywa, akafumba macho. Akifumba macho ujue sayansi inakuja.

MUZAMIL: Mnasahau ziwa. Yale mawimbi ya mtandao na haya ya ziwa ni watoto wa tumbo moja. Yakitoka Musoma yanaona ndugu zao, yanateremka kusalimia, hayatoki tena. Gigabaiti zote zimezama pale. Mnafikiri kwa nini siku hizi sangara hawaingii kwenye nyavu? Wanaonyeshwa ramani!

CHACHA: Hapo nakubali. Haba na haba hujaza sangara.

Kikao kikapitisha. Eliasi akapiga tena, yule dada akamjibu tena. Ndipo Chacha akakohoa, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha sufuria jikoni.

CHACHA: Au labda ni lile dume.

ELIASI: Dume gani?

CHACHA: La wakwe zangu. Si mnajua kule ng'ombe wanaibiwaga? Sasa boma lao ni la miiba, lakini mnara una uzio wa chuma, una taa usiku kucha, una na mlinzi. Mwizi gani ataingia pale? Nikawashauri ng'ombe wawe wanalala mnarani. Mlinzi anapata maziwa, ng'ombe wanapata usingizi. Tatizo dume lina upele. Juzi limejikuna kwenye lile kabati la nyaya, kabati likalala chini.

ELIASI: Chacha!

CHACHA: Dume ni zima, usijali.

ELIASI: Umejua tangu lini?

CHACHA: Tangu juzi, nilikuwa hukohuko ukweni. Ila wewe umekuja hapa unauliza habari za mtandao. Habari za ng'ombe hukuuliza.

Eliasi akatafuta cha kumrushia, akakuta mkononi ana simu tu.

MUZAMIL: Tusimlaumu dume. Unakuja kwa wafugaji na kabati lisilostahimili kukunwa? Ndiyo yale, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

MWANAUPE: Fahali ni mmoja.

MUZAMIL: Wa pili ni kampuni.

ELIASI: Na mafundi wameitwa?

CHACHA: Mlinzi anahangaika kuwapigia. Hapati mtandao.

Wakati tunajadili kama upele wa dume ni suala la mifugo au la mawasiliano, akafika mama mmoja na kapu la nyanya, anataka kupelekwa sokoni mjini. Alijitaja kuwa anaitwa Mbuke. Akasimama, akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote.

MBUKE: Samahani baba zangu. Huyo mtoto ana miguu?

ELIASI: Anayo, mama.

MBUKE: Na simu yake inabebeka?

ELIASI: Inabebeka.

MBUKE: Na hapa Bweri mtandao upo?

MUZAMIL: Tele! Hapa tunaangaliaga mpira.

MBUKE: Sasa hizi pikipiki ni za nani?

Tukazigeukia zote, kama vitu vilivyotupwa pale na mafuriko. Muzamil alifumba macho, lakini safari hii sayansi haikuja. Eliasi akaruka, benchi likatuangusha sote, na tulipopangusa vumbi alikuwa ameshaishika njia ya Bugwema, ameliinamia tangi la mafuta. Mchana ulikuwa umeshapita. Akikimbiza hivyo, labda atawahi. Angeondoka asubuhi, angekwenda huku anaimba.

MBUKE: Haya, na mimi nani ananipeleka sokoni?

MUZAMIL: Kaa kwanza, mama. Kitaalamu, barabara ya mjini ina mambo matatu...

Mama Mbuke akajitwika kapu lake, akaenda kwa miguu.