Kocha Tvedt Anapoliacha Benchi

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Dakta Whitcomb, waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Wadhamini, Kocha Joel Pruitt unayelipokea benchi, walimu wenzangu, wafadhili na mashabiki mlioendesha magari katika theluji hii, wachezaji wetu wa mpira wa kikapu, na zaidi ya wote wewe, Kocha Marlys Tvedt, ambaye tumekusanyika kwa ajili yako:

Nimeombwa, kama mwakilishi wa walimu katika Kamati ya Michezo, niseme maneno ya furaha. Furaha ipo, wala siikani. Lakini tangu asubuhi moyo wangu haujatulia, na mtu wa umri wangu akisimama mbele ya watu wazima wenzake na kuificha hofu yake, atakuwa amewadanganya.

Kocha Tvedt haondoki chuoni. Anatoka uwanjani na kupanda ghorofa ya pili, kwenye ofisi mpya ya kusimamia masomo, afya na maendeleo ya wanafunzi wanamichezo. Wapo wanaosema amechoka. Wapo wanaosema amepandishwa cheo ili asisumbue. Nani kati yenu hajausikia uvumi huo? Basi niwaeleze kwa nini anakwenda.

Mnaijua desturi yake. Wachezaji wake hukaa safu ya mbele darasani, bila kofia wala simu, naye hupita koridoni akichungulia kwenye kioo cha kila mlango ili ahakikishe kwamba wamo. Makocha wengine huwatuma wasaidizi. Yeye huja mwenyewe. Nilimzoea: kichwa chenye mvi kinatokea mlangoni, kinatazama, kinatoweka.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, kichwa kile hakikutoweka. Nilikuwa nimemwomba Kirsten Dahlke, nahodha wetu, asome aya moja kwa sauti. Jumamosi iliyotangulia alikuwa ameanguka mchezoni na kugonga kichwa sakafuni. Alipimwa, akaonekana mzima, akarudishwa uwanjani, akagongwa tena. Sasa aliutazama ukurasa kwa muda mrefu, akacheka kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu:

“Samahani, Profesa, hii ni lugha gani?”

Ilikuwa Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo.

Sijapata kuogopa maishani kama nilivyokiogopa kicheko kile. Kocha aliingia bila kubisha, akapiga magoti mbele ya dawati.

“Kirsti, nitazame. Kile kipimo cha Agosti, ulifeli makusudi?”

“Kocha, kwani nani hafeli?”

Kila Agosti, kabla ya msimu kuanza, wachezaji hupimwa kumbukumbu na wepesi wa akili kwenye kompyuta, ili mtu akigongwa kichwa apimwe upya na matokeo yalinganishwe. Nao walikuwa wamegundua kwamba ukijifanya mzito wa akili Agosti, hakuna daktari atakayeona tofauti Januari. Wakubwa waliwarithisha wadogo hila hiyo kama wanavyorithishana nyimbo za kwenye basi la timu. Jamani, tulikuwa tunawalea vijana wanaoliogopa benchi kuliko wanavyoogopa kupoteza akili zao! Na nani aliyewafundisha kuliogopa, kama si sisi tunaoshangilia kila majeruhi anaporudi uwanjani akichechemea?

Kesho yake Kocha aliwapima wote upya, akiwa amesimama nyuma yao. Waliodanganya, yaani karibu timu nzima, hawakucheza mpaka daktari aliporidhika. Tulifungwa, tena vibaya, na mashindano ya kanda tukayakosa. Wiki ile nilikuwa naye kwenye foleni ya duka la vyakula, bwana mmoja alipomwambia kwa sauti ya kusikika:

“Kocha, nasikia siku hizi umekuwa yaya!”

“Ndiyo, bwana. Nawe ukiendelea kulia hivyo, nitakubadilisha nepi.”

Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Tulipofika kwenye gari lake, aliweka mifuko chini badala ya kufungua mlango.

“Harlan,” aliniambia, “nani atanizuia mimi? Nikikaa kwenye benchi lile, nataka kushinda. Siku moja nitataka kupita kiasi, na mtoto wa mtu ndiye atakayeumia.”

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sababu. Anayetaka kushinda hafai kuwa ndiye anayeamua nani ni mzima. Mwanamke huyu alijiogopa mwenyewe, na hofu hiyo akaigeuza kuwa kazi.

Kirsten yumo humu. Amevaa miwani nyeusi kwa sababu ya taa hizi. Alipoteza muhula mzima, akajifunza kusoma upya, pole pole, na tunatarajia ahitimu Mei. Usisimame, Kirsten, tunakuona.

Sasa nifike kwenye hofu yangu ya leo. Jumanne, mazoezini, mfungaji wetu bora, Tatum Roskens, aligongwa kichwani kwa kiwiko. Daktari ana shaka. Jana Kocha Tvedt alitoa uamuzi wake wa kwanza katika ofisi mpya: Tatum hachezi fainali ya kesho. Kocha Pruitt alimjibu kiungwana: “Marlys, unaniua. Lakini sawa.” Tangu saa ile simu za ofisi ya Mkuu wa Chuo hazijanyamaza, na baadhi ya waliopiga wameketi humu wakila keki.

Jioni hii Tatum alinijia mlangoni. “Profesa, wewe waambie. Niko fiti kabisa.” Akaenda kuchukua kahawa. Akarudi, akanisalimu upya, akaniambia maneno yale yale, kama mtu ambaye hajaniona leo.

Dakta Whitcomb, kanuni za ofisi hii zinasema kwamba hakuna kocha awezaye kuupindua uamuzi wa Kocha Tvedt. Hazikukutaja wewe. Wewe unaweza, na usiku wa leo utaombwa na watu waliotujengea uwanja. Siwachukii, nami pia nataka kushinda kesho, na ndiyo maana siuamini moyo wangu.

Kwa hiyo sikuombi umpe Kocha ngao wala maua. Ninaomba useme hapa, mbele ya wote, kwamba neno lake limesimama.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunitegea masikio. Mheshimiwa, kipaza sauti hiki ni chako. Tatum yuko meza ya tatu, anakutazama.