Mwenye Baa wa Tatu na wa Mwisho

Jamaa, majirani, na nyote mliowahi kuegemeza viwiko kwenye kaunta yake: huyu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha juu cha baa ya kona, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ndiye mimi ninayewasomea. Baa hiyo ilifunguliwa na babu yetu, seremala, aliyetengeneza kaunta kwanza na kuta baadaye, kwa maelezo kwamba kuta haziuzi bia. Baada ya babu ikashikwa na baba yetu. Wateja walimwita Kimya, maana aliweza kumaliza wiki nzima kwa maneno mawili: "Karibu" na "Tunafunga."

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza mwaka 1970. Masomo aliyaweza, lakini moyo wake ulikuwa kwa wanyama. Kila kiumbe kilichovunjika mguu mtaani kiliishia chini ya kitanda chetu. Kuna kunguru aliyemfunga bawa kwa utepe wangu wa nywele. Alipopona alikataa kuondoka, akawa anatua juu ya pipa kila jioni kama mwenye zamu. Wateja walisema huyo ndiye mlevi pekee asiyerudia hadithi.

Mwaka 1971 alipata nafasi katika chuo cha udaktari wa mifugo. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, lipo mlangoni, baba alipoanguka ngazini. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala. Baba akamwita kitandani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwomba mtu kitu.

"Nishikie kaunta mwezi mmoja tu, mwanangu. Nikisimama, uende."

Baba hakusimama tena. Chuo kilivumilia muhula mmoja, kisha kikampa mwingine ile nafasi. Kaka akalifungua sanduku, akarudisha nguo kabatini.

Kazi aliifanya kwa heshima. Mtu akilia mezani hakumwongezea glasi. Alimletea maji, akakaa naye. Ugomvi ukizuka hakupiga kelele, alikwenda na kitambaa chake kufuta meza katikati ya wagombanao, taratibu, mpaka waone aibu. Asubuhi, kabla ya kufungua, watu walimletea mifugo yao mlango wa nyuma. Alikuwa akisema baa yake ndiyo pekee ambamo mbuzi aliingia akitambaa akatoka akitembea. Binadamu walifanya kinyume. Tulicheka sana. Ila mimi nilimwona uso wake mbuzi wakishaondoka.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa nyumba ya ng'ambo, ambaye alivuka barabara siku moja kuja kulalamikia kelele.

"Nyinyi watu hamlali?"

"Tunalala, dada. Ila kwa zamu."

Alicheka bila kupenda, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Wazee ndio waliokwenda kuposa, na wakwe wakaja mjini harusini, kwa hiyo kaka hakuwahi kufika kwao. Wifi yangu alitamani sana wapande wote wawili mpaka kijijini, akamwonyeshe mto aliojifunzia kuogelea. Kila mwaka kaka alimjibu, "Mwakani, mke wangu. Tukipata mtu wa kushika kaunta." Mwaka 2009 homa ya wiki moja ikamchukua wifi, na kaka akafika ukweni mara ya kwanza akiwa nyuma ya jeneza. Baada ya mazishi aliomba aonyeshwe mto. Alisimama ukingoni mpaka tukaenda kumshika mkono.

Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa 1981. Mwaka 2000 binti huyo alichaguliwa kusomea uhandisi wa maji, mbali na nyumbani. Kaka akamwita pale kaunta, nami nilikuwepo.

"Mama, nishikie hapa kidogo, nikitafuta mtu."

Binti akamtazama. "Baba, ule mwezi mmoja wa babu uliisha lini?"

Kaka alichukua glasi safi akaanza kuifuta upya. Kesho yake wifi alimsindikiza mtoto stendi peke yake. Mahafali yakapita, harusi ikapita, wajukuu wakazaliwa. Kila mara baa ilikuwa na watu. Binti akipiga simu, aliambiwa, "Nina wateja, mama, nitakupigia." Kaka hakupiga. Hakuwa na kinyongo, wallahi. Aliona haya, na haya ikikaa sana huota mizizi.

Mwaka 2019 aliifunga baa. Mwanangu wa pili alikuwa tayari kuirithi, na ukoo mzima tulimjia juu kwamba anazika jasho la babu.

"Jasho la babu lilimtosha babu," alisema. "Baba nilimwambia ndiyo kwa sababu nilimpenda. Huyu kijana naye ananipenda. Ndiyo maana simpi."

Jengo likabomolewa. Kaunta ilikatwa vipande vitatu ndipo ikapita mlangoni, kwa kuwa babu alijenga kuta kuizunguka. Leo pale panaegeshwa magari.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kuwa figo zake zimechoka. Hakuniambia mimi kwanza. Alipanda basi akaenda kwa binti yake, bila taarifa, akabisha hodi. Binti mwenyewe alitusimulia walivyokutana.

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa, baba. Ingia."

Alikaa huko mpaka mwisho. Binti alimpeleka hospitali, akampikia, akamwonyesha matangi ya maji aliyoyajenga, naye akayagonga kwa vidole moja moja kama anayenunua. Yaliyopita hawakuyazungumza yakaisha, muda haukutosha. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Ameacha binti, mkwe, mimi mdogo wake, wapwa wanne, na wajukuu wawili waliomzoea upesi kuliko alivyothubutu kutumaini, na ambao leo asubuhi walikuwa bado wanauliza babu anarudi na basi la saa ngapi.

Mola ampe sasa mapumziko ambayo yeye mwenyewe hakujipa.