Shangazi Ratiba Anakabidhi Daftari

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, mratibu wa shughuli za wakazi katika makao yetu ya wazee anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wakazi, wafanyakazi na hata wenye maduka ya jirani humwita Shangazi Ratiba, nami nitamwita hivyo hivyo. Nimekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Kuanzia Jumatatu daftari lake la shughuli litakuwa mikononi mwangu, na niseme mapema kabisa: ninaogopa.

Alianza kazi hapa akifua mashuka. Siku hizo shughuli za wakazi zilikuwa televisheni tu. Wazee walipangwa mbele yake asubuhi, wakaondolewa jioni, na umeme ukikatika waliachwa wakiitazama vilevile. Siku moja Shangazi alipita na kapu la nguo, akaliona hilo, akavuta kiti na kuanza kukunja taulo pamoja nao. Wiki iliyofuata wazee sita walikuwa wakimngojea mlangoni, na mmoja akamlalamikia kwamba amechelewa.

Kanuni mpya za makao ya wazee zilipotoka, kurasa sitini na moja, kila mtu alizikwepa kama deni. Shangazi alizibeba nyumbani kwake Ijumaa, akarudi nazo Jumatatu zikiwa zimepigiwa mistari na kudondokewa na chai. Kwa ufupi zinasema hivi: kila mkazi awe na mpango wake mwenyewe, unaotokana na maisha yake na si urahisi wetu, asiyeweza kutoka kitandani afuatwe hukohuko, asiyetaka asilazimishwe, na kukataa kwake kuandikwe, na daftari lijazwe shughuli ikishafanyika, na mtu aliyeiona. Wiki hiyohiyo alihamishwa kutoka chumba cha kufulia, akapewa shughuli za wakazi.

Alizishika kanuni hizo kwa moyo, si kwa mdomo. Mkazi mmoja aliyekuwa fundi cherehani alikuwa amepangiwa mchezo wa kurushiana mpira. Kwa miezi mitatu daftari linasema: amekataa, amekataa, amekataa na kutukana. Mwingine angemwita mzee mkorofi akaishia hapo. Shangazi alijilaumu mwenyewe, akaufuta mpira kwenye mpango, akamletea foronya zilizochanika na sindano. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, hakuna foronya iliyopita mbele ya mzee yule na uzi unaoning'inia.

Wakaguzi huja bila taarifa. Gari jeupe likionekana getini, msimamizi wetu huanza kunywa maji glasi baada ya glasi, na mpishi huwahi kuwaambia watu kwamba yeye hahusiki, kabla hata hajaulizwa. Msidhani Shangazi haogopi. Kalamu yake huivaa shingoni kwa kamba, kwani zamani wakija ilikuwa ikimponyoka. Anajua kwamba leseni ikifungiwa, wazee arobaini na wawili watatawanywa huku na huko, na mtu wa miaka tisini, kama asemavyo, hahamishwi kama kabati. Hulifungua daftari akiwa na hofu hiyo, na hulifungua lote.

Sasa nifike kwenye Jumamosi moja, miaka sita iliyopita. Nimeizungukia aya kadhaa, mmeona.

Nilikuwa zamu peke yangu, na kesho yake kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimepanga na msusi saa tisa na nusu. Saa tisa hadi saa kumi ilikuwa saa ya kuimba. Saa nane nilikaa mezani nikaandika: kuimba, wakazi kumi na wanane wamehudhuria. Nikayaorodhesha majina yote, kwa sababu wale wale huja kila Jumamosi. Tuliimba nyimbo mbili haraka haraka na waliokuwepo, sikuwahesabu, nikamwachia mpishi redio na kuondoka.

Jina la nne kwenye orodha yangu lilikuwa la mzee tunayemwita Mwalimu, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Saa kumi na moja na nusu, wakati wa chakula cha jioni, kiti chake kilikuwa kitupu. Muuguzi alikimbilia daftari: Mwalimu alikuwa akiimba hadi saa kumi. Mlinzi akaapa kwamba tangu saa kumi hakuna aliyetoka getini. Basi yumo ndani, wakasema. Wakapekua vyoo, stoo, chumba cha kufulia, wakainama chini ya vitanda. Dakika arobaini watu wazima walimtafuta mzee mahali ambapo hakuwepo, kwa sababu ya maandishi yangu.

Mimi nilipigiwa simu nikarudi na nusu ya kichwa kimesukwa. Shangazi alikuwa ameshafika kutoka kwake, amevaa ndala za jikoni. Aliutazama ukurasa wangu mara moja tu. Watu kumi na wanane, na hakuna aliyesinzia? Hakuna hata mmoja aliyekataa? Akanigeukia.

"Ulimwona kwa macho yako?"

Nikajibu kwamba huwa anakuja kila wiki. Aliniuliza tena maneno yale yale, bila kupandisha sauti. Nikasema sikumwona.

Hapo ndipo mlinzi alipokumbuka kwamba saa saba mchana gari la mboga liliingia, na geti likabaki wazi. Mwalimu alikuwa ametoka kwa saa tano, si mbili. Shangazi hakupoteza muda kunigombeza. Alichomoa kabatini mpango wa Mwalimu, alioujaza yeye mwenyewe baada ya kukaa naye siku tatu, na kwenye ukurasa wa pili palikuwa na maneno haya: akiwa na wasiwasi huulizia kengele, na husema darasa la tatu linamngoja. Shule yake ya zamani iko ng'ambo ya barabara kuu. Barabara ile ina malori mchana kutwa. Nilimfuata Shangazi nikiangalia lami kila hatua, na nilichokuwa nikikitafuta pale chini sitaki kukiandika.

Tulimkuta kwenye ngazi za darasa, kiza kikianza kuingia, kiatu kimoja mguuni, midomo imepasuka kwa kiu. Alitukaripia kwa kuchelewa. Shangazi akamwomba radhi, akasema hatutarudia, Mwalimu. Mzee alilala hospitali siku mbili na dripu.

Jumatatu msimamizi, kwa hofu ambayo siwezi kumlaumu kwayo, alipendekeza ukurasa uandikwe upya kwa mwandiko safi. Shangazi alikataa. Alisema karatasi hiyo nusura imuue mtu, basi ibaki ionekane. Aliyapigia majina kumi na manane mstari mmoja ili bado yasomeke, akaandika pembeni: si kweli, hawakuhesabiwa. Akatia saini na tarehe, na kupeleka taarifa yeye mwenyewe ofisi ya ukaguzi kabla ya kuulizwa. Mkaguzi alikaa naye saa mbili mlango umefungwa. Tulisubiri koridoni kama watu waliofikishwa mahakamani. Tulipata onyo la maandishi na siku tisini za kufuatiliwa, na leseni ikapona.

Jina langu liko kwenye faili la mkaguzi. Hapa kwetu Shangazi hakulitaja kwa mtu. Wengi wenu mnaamini ni kijana wa vibarua aliyeacha kazi mwezi ule, nami niliwaacha mwamini hivyo. Binti yake Mwalimu alipouliza, alijibiwa kwamba aliyekosea atamwambia mwenyewe. Amesubiri miaka sita. Kila Jumapili hunisalimia kwa mikono miwili na kunishukuru kwa kumtunza baba yake, na kila Jumapili natamani ardhi inimeze.

Shangazi hajawahi kunikumbusha. Wiki iliyopita tu, akinionyesha kabati na funguo, alisema daftari ataliacha mezani, halafu akaniuliza kama niko tayari kulishika. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuhesabu funguo.

Dada, ni mimi. Niliandika kwamba baba yako anaimba, naye alikuwa akivuka barabara. Utakapokuwa ukisoma haya Ijumaa, kwenye kijitabu cha sherehe, nitakuwa nimesimama mlangoni, karibu na meza ya chai. Sitaondoka.

Kijitabu hiki kinakwenda kwa mpiga chapa Jumatano. Kwa kawaida mwandishi wa programu huandika kana kwamba sherehe imekwisha: tumeimba, tumecheka, mstaafu amelengwalengwa na machozi. Mimi siwezi. Kumuaga Shangazi ni shughuli ya Ijumaa saa tisa, imo kwenye ratiba kama nyingine. Mwalimu atawekewa kiti cha mbele. Akija na kusinzia, nitaandika amesinzia. Akikataa kuja, nitaandika amekataa.

Shangazi Ratiba, kwa niaba ya wakazi arobaini na wawili na wote wanaowahudumia, asante kwa kila jina uliloliandika baada ya kumwona mwenye jina. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi ndefu zisizo na gari jeupe getini. Mstari wako kwenye daftari la Ijumaa nimeuacha wazi. Nitaujaza nikishakuona kwa macho yangu.