Vidole vya Fundi Saa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, fundi saa alikuwa akivitazama vidole vyake vilivyovimba kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Huu ni urithi, dada yangu," alimwambia jirani yake, mwanamke aliyesema anafanya kazi maabara. "Baba alivimba hivi hivi. Sasa skrubu siwezi kuishika, na kazi nyingine siijui."

"Una ndugu, kaka?"

"Pacha wangu. Tumetoka yai moja. Yeye mzima, anapiga gitaa."

"Anavuta sigara?"

Fundi saa alikohoa. Sigara yake ilikuwa nyuma ya sikio. "Hajawahi, mtakatifu yule."

"Basi urithi mnao sawa. Kinachotofautiana ni alama zinazobandikwa juu ya jeni: hii ifanye kazi, ile inyamaze. Moshi huzivuruga, na seli za ile kinga ya mwili tuliyozaliwa nayo zinabaki na hasira hata adui akishaondoka."

"Kama mama mkwe wangu."

"Huyo mmalizane wenyewe. Ila ukiacha sigara, baadhi ya alama hufifia."

"Baadhi? Na vidole je?"

"Hapo siwezi kukuahidi kitu." Nilimheshimu kwa jibu hilo, maana ndani ya treni kila mtu ni daktari bingwa.

"Yaani niache starehe yangu kwa ajili ya labda?"

"Kwani saa zote unazopokea hupona?"

"Saa haivuti, dada."

Treni ikasimama. Fundi saa aliichomoa sigara sikioni, ikamponyoka vidoleni na kuviringika chini ya kiti. Sote watatu tuliitazama. Hakuna aliyeinama.