Majaji Watatu Hawakutuita

Ndugu zangu, mmeniomba niseme na nitasema, lakini msitarajie habari ya ushindi. Mume wangu yuko Pemba hadi leo.

Kesi yetu ya makaazi, ya mume wangu kuruhusiwa kuishi hapa Uingereza, tulishinda mwanzo. Serikali ikakata rufaa, ikatushinda. Ukabaki mlango mmoja, mahakama ya juu kabisa ya nchi hii. Kule huingii tu. Kwanza unaomba ruhusa ya kusikilizwa.

Nawaambia kweli, hilo neno ruhusa sikulielewa. Mimi nilijua tutaitwa. Nikapiga pasi suti ya mume wangu. Kazini, pale nyumba ya wazee Wembley, nikawa nalisha watu uji huku najifunza maneno ya kumwambia jaji. Bibi mmoja wa Kiingereza akinisahihisha matamshi.

Miezi ikapita, loya akapiga simu.

"Bi mkubwa, wamekataa. Majaji watatu wamesoma karatasi."

"Na sisi tunakwenda lini?"

"Hamwendi. Imeishia hapo."

Barua ilikuwa na mistari michache: maombi yetu hayana suala la sheria lenye umuhimu kwa umma. Haikupita muda mume wangu akapandishwa ndege. Binti yetu wa miaka tisa akaniuliza, kwa Kiingereza chake, "Kwa hiyo majaji wamekataa kwa sababu baba alisema uongo?" Nikamwambia aende akalale.

Hapo nikaanguka. Kazini nikaacha kwenda. Barua zikija sizifungui. Swala nilikuwa nasali, lakini dua siombi, maana nilishachoka kuomba. Mtoto akawa anajipikia mayai mwenyewe.

Dada mmoja, yumo humu ndani na kanikataza nisimtaje, akaja kutoka Hayes kwa basi. Hakunipa pole. Alisema, "Ilete hiyo barua." Akaisoma neno kwa neno, kwa Kiswahili. Halafu akaniuliza, "Nionyeshe wapi wameandika kwamba mumeo muongo."

Nikatafuta. Hakuna. Hata kwamba tumeshindwa kwa haki hawakuandika. Wamesema tu swali letu ni letu peke yetu, si la nchi nzima.

Nilimwita binti yangu, nikamwambia, "Baba yako alisema kweli. Hawakumsikiliza." Alilia sana. Na mimi nililia. Wiki ile nikarudi kazini.

Sijapona, jamani. Suti ingali kabatini na mtoto anamsahau baba yake kidogo kidogo, simu haitoshi.

Namshukuru dada yule, na nyinyi mliokuwa mkimchukua mtoto skuli siku nilizoshindwa kuinuka. Na wewe mwenye maombi yako kule juu sasa hivi, muulize loya wako mapema ni kitu gani hasa wanachokitazama. Wakikataa, usijihukumu kwa barua ambayo haikukuhukumu. Machungu utayapata vilevile. Lakini mtoto akikuuliza, utakuwa na la kumjibu.