Kuku wa Mwisho wa Mama Masika

Lori letu lilikuwa limetoka Bunia kuelekea Mahagi. Mbele yangu alikaa Mama Masika, mjane, amepakata kuku jike mmoja. Papa Kamate, mzee wa kanisa lao, akamwuliza anakwenda wapi. "Kwa binti yangu, Nizi," akajibu. Papa Kamate akashtuka: "Na Jumamosi kamati ya kanisa iko inakuja kukufariji!"

"Mulisha kunifariji mara tano, papa. Munakuja watu saba, ninachinja. Nilikuwa na kuku sita, iko inabakia hii tu."

"Siye hatukuomba kuku, mama."

"Ndiyo. Lakini maombi yenu haimalizikagi mpaka kuku inaiva."

Watu wakacheka. Nilidhani Papa Kamate atakasirika, kumbe macho yalimlowa, na naamini yalilowa kwa kweli. Akatoa kalamu na karatasi. "Hatuwezi kukuacha peke yako. Nitaandikia kanisa la Nizi wakupokee. Kamati yao iko kubwa kupita yetu. Binti yako anakaa upande gani?"

Mama Masika akamfunika kuku kwa kitenge.

Lori likasimama Nizi. Watu wakashuka, mizigo ikashushwa. Mama Masika hakushuka.