Mikono ya Katekista Fidele Ndayiragije

Baba Paroko, ndugu na majirani, kabla sijataja tarehe yoyote naomba niseme jambo moja ambalo mimi, Leokadia, binti wa kwanza wa marehemu, sijalielewa mpaka leo. Siku ile jirani yetu Venanti alipomkata Baba mkono kwa panga, Baba alimnyang'anya lile panga, akalitupa kwenye mihogo, kisha akamkumbatia, damu ikiwatiririkia wote wawili, akamshika hivyo mpaka Venanti akaacha kutetemeka. Je, alimshika ili amzuie, au ili amtulize? Nilimuuliza mara nyingi, naye alicheka tu, akanijibu, "Mikono ilikuwa ile ile, mwanangu."

Baba yetu alizaliwa tarehe 19 Machi 1962 huko Ruyigi, Burundi, na mwaka 1972 alivuka mpaka kuingia Tanzania akiwa ameshikilia kanga ya mama yake, wakapokelewa Nyabibuye, ambako alisoma shule ya msingi hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1979. Mwaka 1981 alikwenda Kibondo kupasua mbao, na ni msumeno uliompa ile mikono mliyoifahamu. Tarehe 27 Julai 1985 alifunga ndoa na mama yetu, Esteri Ininahazwe, ambaye alivunjiwa vikombe vingi mno, akaishia kumnunulia mumewe cha bati, akawa anawaambia wageni kwamba ameolewa na greda. Walijaliwa watoto wanne, mimi, Ladislausi na wengine wawili, mmoja wao akafariki akiwa mchanga.

Mwaka 1988 walihamia hapa Titye, na mwaka 1991 Baba akawa katekista wa kigango chetu, na pia kiongozi wa wabeba machela, wale wanaoshusha wagonjwa mlimani hadi barabarani. Akina mama walisema mjamzito akibebwa na Fidele anaweza kusinzia njiani. Wanafunzi wake wa ubatizo walipomuuliza inakuwaje Mungu mwenye nguvu zote akubali kupigiliwa misumari, aliwaonyesha machela iliyoegemea ukuta wa kigango, akawaambia kwamba kukimbia na mzigo mteremkoni kila mtu anaweza, bali kushuka nao polepole, aliyelala juu yake asiumie, ndiko kunakotaka nguvu zote.

Ugomvi wa panga ulitokea tarehe 11 Novemba 2008, na chanzo chake kilikuwa mpaka wa shamba, Venanti akisema mtu aliyekuja na fulana moja hawezi kumwonyesha mwenyeji mpaka. Baba alikataa kumshtaki, na vidole vyake viwili havikukunjika tena. Sisi watoto hatukumsalimia Venanti kwa miaka mingi, na sitaki leo kumhukumu yeye wala kutuhukumu sisi.

Mwezi Februari 2022 chaki ilianza kumponyoka Baba mkononi. Tulimpeleka hospitali Kasulu, kisha Kigoma, tukaambiwa ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na kwamba akili yake itabaki nzima lakini dawa ya kumponya haipo. Ikaondoka mikono, ikafuata miguu, kisha sauti. Tulisali, tulifunga, tulimkanda, na kila siku alikuwa mwepesi zaidi. Siku moja nilimuuliza, kwa uchungu, ziko wapi sasa zile nguvu zinazoshuka polepole. Alinitazama tu, nami nikamfuta mate, kwa sababu hilo ndilo nililoweza.

Tulipomgeuza kitandani aliumia, Ladislausi akitumia nguvu nyingi, mimi nikitumia kidogo mno. Ndipo asubuhi moja ya masika ya mwaka jana Venanti akasimama mlangoni na jembe begani, akaomba amnyanyue. Ladislausi alimzuia. Baba, ambaye wakati huo alikuwa amebakiwa na macho tu, aliyafumba na kuyafumbua, ishara yake ya kukubali, na Venanti akaingia, akamnyanyua, naye Baba hakulia kwa maumivu. Tangu hapo alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, hadi Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, Baba alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa upole, jumuiya yetu, makatekista wenzake, na Mzee Hilali wa dukani Kasulu, ambaye gari lake lililotupeleka hospitali halikuwahi kutudai mafuta.

Baba alikuwa ameomba, sauti ikiwa bado ipo, ashushwe makaburini kwa machela yake, si kwa gari. Jana ukoo ulikaa kuamua nani atashika upande wa kichwa. Ladislausi alisema Venanti abebe kama anataka, lakini nyuma, miguuni, na wengi waliona ni haki, hata mimi sikupinga. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kichwa atashika Venanti. Anaujua uzito wake."

Ndivyo ilivyoamuliwa, na ndivyo mlivyoona asubuhi hii, mvua imenyesha na njia inateleza, Venanti kichwani, na bega kwa bega naye Ladislausi, ambaye hakuna aliyemwambia akae pale, wakishuka polepole kiasi kwamba sisi tuliotangulia tulisimama kuwasubiri.

Pumzika sasa kwa amani, Baba. Umeshikwa.